Urefu wa Sikio

Siku za kwanza spika zilikaa sakafuni,
zimesukumwa kwenye kona kama watoto waliokosa.
Besi ikatoka imevimba,
ikapanda mapazia, ikatikisa vijiko kabatini,
ikashuka hadi kwa jirani wa chini, Bi Tellervo,
naye akajibu kwa mpini wa ufagio:
ko, ko, ko,
nje kabisa ya mdundo.

Taisto akasema, "Ni kona. Kona inaimba bila kutumwa."
Akazivuta mbele, shubiri tatu kutoka ukutani,
akapiga magoti na tepu ya kupimia,
mtu wa miaka sitini na saba, goti la kulia limechoka,
akachora misalaba ya chaki kwenye zulia langu.
Zulia langu!
Nikanyamaza. Nikachemsha kahawa.

Novemba hapa Tampere giza huingia saa tisa mchana,
na mwanamume asiye na kazi ya mikono huoza.
Akaunda stendi mbili za koivu, ule mti wetu mweupe,
zenye uwazi ndani; akazijaza changarawe
ambayo manispaa humwaga njiani watu wasiteleze.
Aliizoa kwa ndoo, usiku, kama mwizi.
"Kitu kizito hakitetemeki," akaniambia.
Nikalitazama tumbo lake, sikusema neno.

Na kweli, besi ikatulia.
Ikawa na mwanzo na mwisho,
kama hatua za mtu anayejua aendako.
Na katikati ya zile spika mbili,
mahali pasipo na kitu ila kikapu changu cha nyuzi za sufu,
mwanamke akasimama, akaimba.
"Yuko wapi?" nikauliza.
Taisto akacheka, akanionyesha hewa.

Lakini mimi ni mfupi.
Alikuwa amepima sikio lake, ameketi; la kwangu hakulipima.
Fidla zikanipita juu ya nywele kama ndege wahamao,
nikabaki na besi, na makombo.
Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu.
Langu lilikuwa zima. Lilikuwa chini tu.
Miaka miwili nikakalia mto,
nikidai ni mgongo.

Machi nikarudi kutoka kwa dada yangu, Lahti.
Theluji ilikuwa inalia matone kwenye paa.
Kochini hakuna mto. Nikaketi hivyo hivyo, nimenuna,
viatu vingali miguuni.
Akaweka sahani, akashusha sindano,
na fidla ikaja ikanigusa
hapa, penye hereni.

Sikuuliza.
Chini ya meza ya jikoni niliona vumbi la mbao,
vipande vya koivu vya upana wa vidole vinne,
na chembe za changarawe zilizoukwepa ufagio.

Siku hizi yeye ndiye anayejikunja kochini,
shingo ndani ya sweta kama kobe.
Anasema ndivyo apendavyo.
Anasema ni mgongo.