Jozi ya Tano

Nimekuja saa kumi jioni, kusudi.
Asubuhi mguu ni mwembamba, hudanganya kipimo.
Jioni, baada ya kutwa kusimama juu ya saruji
nikibandua vigae vya kale kwenye kuta za kanisa,
huvimba, husema kweli.

Kijana wa dukani anaitwa Evaristo.
Anatazama mvi zangu, anatazama magoti,
kisha ananishushia raba nyekundu kutoka rafu ya juu,
soli nene kama mkate wa mayai,
na ndani yake, anasema, mna bamba la kumrusha mtu mbele.
"Mama Deolinda, hii inakimbia yenyewe."
Basi iache ikimbie, namwambia,
mimi nitaifuata kwa tramu.

Natoa mkobani jozi yangu iliyochoka,
naipindua juu ya kaunta.
Soma hapa, mwanangu. Ukingo wa nje umelika,
kulia kuliko kushoto; kisigino kimelala upande
kama mlango ulioachia bawaba.

Kila alfajiri, hatua ya kwanza kutoka kitandani
ni msumari.
Ya pili, msumari.
Ya kumi, kokoto.
Na nyuma, juu ya kisigino, kano imekaza
kama kamba ya kengele
inayomngoja mtu wa kuivuta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
mimi huziba nyufa za watu kwa mshahara,
mwaka wa thelathini na moja huu, kwa chokaa na sindano,
na wangu nikauacha ukue toka Februari
kwa kuwa mbio za Juni zilikuwa karibu
na Hermínia wa duka la mikate alinipita mwaka jana
akiongea na simu.

Jozi ya kwanza inabana dole gumba.
Ya pili laini mno, kifundo kinatafuta ardhi hakiipati.
Ya tatu bapa, kisigino na vidole usawa mmoja;
kano inalalamika hata sijasimama vizuri.
Ya nne nzuri.
Ya nne nzuri sana.
Ya nne ni kodi ya nusu mwezi.

Ya tano ina rangi ya maji ya dengu.
Ni ya mwaka juzi, Evaristo kaitoa stoo kwa haya.
Kisigino kimeinuliwa kidogo, upana wa kidole;
ukingo wa nyuma haugusi pale panapouma;
mbele vidole vinatanuka kama watu waliopata benchi lao.
Naukunja mmoja mikononi: katikati unakataa,
unakubali penye vidole tu.
Nimewahi kuwa na mume asiyejua hayo,
wapi akunjike, wapi akatae.

"Naomba nikimbie nje."
Mtaa wetu wa Miragaia ni mawe matupu,
umeegemea mto kama ngazi ya mchoraji.
Kijana ananifuata, labda anadhani nitatoroka na mali,
viatu vyake vya ngozi vikiteleza, tai begani.
Kupanda, naiuliza kano.
Kushuka, nauliza unyayo.
Kano inajibu baada ya kufikiri.
Unyayo unanyamaza, na kwa unyayo wangu
kunyamaza ni adabu kubwa.

"Vipi?" anahema, kashika ukuta.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
siri ya kiatu aijuaye dole;
nimwambie nini? Nimelipa.
Amenikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba rangi ni mbaya.
Nimemwambia sitazivaa usoni.

Kiatu si mganga, hilo nalijua.
Usiku nimesimama ukingoni mwa kidato cha chini,
nimeshika reli, nimeshusha visigino polepole
mara kumi na tano, nikapumzika, nikarudia,
jirani akifungua mlango kuona nani anahesabu gizani.
Wiki hii dakika ishirini tu, si zaidi,
Hermínia apite na simu yake.

Leo asubuhi, hatua ya kwanza:
msumari.
Ya pili:
kokoto.