Vifaa vya Kufundishia

Swali la kwanza: jina la mradi.
Niliandika Jessie Mair, nikafuta.
Mfuko wa Urithi hautoi ruzuku kwa jina la mtu,
hata mtu huyo akiwa na mkuku wa futi sabini
na tezi iliyolala nyuma kama aliyeshiba.

Swali la pili: chombo cha aina gani?
Pwani hii ya Portknockie wanaziita zulu.
Vita vilikuwa Natali, habari zikafika kwa gazeti,
na wavuvi wakakipa chombo kipya jina
la watu waliokuwa wakipigwa risasi kwa bendera yao.
Ilikuwa heshima, anasema Dosie.
(Jina lake Davie Slater, lakini akina Davie Slater
wako wanne hapa, na watatu wanadaiwa.)
Mimi, mweka hazina, niliyetoka upande ule wa dunia,
nilitia alama ya kuuliza pembeni,
ndogo, kwa penseli.

Swali la tisa: nani atanufaika? Maneno mia tatu.
Kwa sasa, kuvu.
Na njiwa wawili waliotaga chini ya sitaha.
Dosie akasema: andika jamii. Andika vijana.
Andika afya ya akili.
Ukiandika mbao watakuletea barua ya pole.

Tukangoja.
Ubao wa nne, ubavu wa kushoto, ndio ulikuwa kalenda yangu.
Februari kidole kiliingia hadi ukucha.
Machi, hadi pingili ya kwanza.
Mei sikukijaribu.

Barua ilifika Juni. Tunayo furaha kukujulisha.
Elimu: pauni elfu arobaini na moja.
Uhifadhi: hapana, ushindani ulikuwa mkali.
Yaani watoto wafundishwe habari za chombo
huku chombo kikioza wakiwa darasani.
Walipendekeza skrini ya kugusa.

Dosie alitoka nje akasimama kwenye mvua, bila kofia.
Mwalimu Catriona Wiseman akaisoma barua mara mbili,
akavua miwani, akaifuta kwa sketi.
"Hawakusema," akasema, "watoto waguse nini."

Basi waligusa.
Alhamisi baada ya Alhamisi, darasa la sita,
ishirini na wawili, wengine na mafua,
wakishika patasi kama vijiko.
Rokas, ambaye mama yake hukata samaki kiwandani
na ambaye tangu Oktoba hakuwa amesema neno darasani,
aliuliza kazi hii inaitwaje,
kushindilia nyuzi za katani kati ya mbao mbili
mpaka bahari ikose pa kupenyea.
Neno la Dosie liliwakwama kooni.
Nikawapa la kwetu: kalafati.
Wakalipenda kwa ile ti ya mwisho, inavyoangukia nyundo.
Sasa banda zima lilikuwa ka-la-fa-ti, ka-la-fa-ti,
na Dosie naye, akijifanya hasikii,
midomo ikimcheza.

Taarifa ya mwisho wa mwaka niliiandika mimi.
Vifaa vya kufundishia:
mbao za msonobari, mita mia moja na kumi.
Misumari, kilo thelathini. Lami.
Katani. Plasta za vidole, maboksi sita.
Hakuna uongo hata mmoja; nimeikagua mara tatu.

Bi Pemberton wa Mfuko alikuja na treni kutoka Edinburgh,
kisha basi, kisha miguu, viatu vimelowa.
Akauliza skrini iko wapi.
Hakuna mtu mzima aliyejibu.
Rokas akamshika mkono
akauweka juu ya ubao wa nne.

Aliuacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Halafu akaandika kitu, akafunga daftari,
akaomba chai. Alichoandika hatukijui.

Walipoondoka wote nilikijaribu kidole.
Ubao ulinikatalia.

Ubavu wa kulia bado haujaguswa.
Jana kidole kiliingia hadi ukucha.
Maombi mapya yanafunguliwa Septemba;
swali la tisa, naambiwa,
sasa ni maneno mia mbili.