Hita Plagi ya Tatu

Brandon, Manitoba. Saa kumi na nusu alfajiri kwangu,
nne na nusu kwenye saa ya gari.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Nazungusha ufunguo nusu, naacha hapo.
Taa ya manjano inawaka, kijiwaya kilichojisokota.

Dizeli haingoji cheche. Hujiwasha kwa kubanwa:
hewa ikikazwa hadi ikose pa kwenda, huchemka,
na mafuta yakirushwa humo, hushika.
Ila chuma kilicholala nje usiku kucha ni mwizi;
joto likizaliwa tu, kimeshalimeza.
Ndipo ncha nne, nyembamba kama penseli ya kuishia,
zinaiva mle ndani, wekundu nisiouona.

Nahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa.
Taa inazimika.
Nikiwasha, injini inakohoa moshi mweupe,
inachechemea kama meza yenye mguu mfupi.

Nazima. Friesen wa nyumba ya pili anatoka, koti juu ya pajama,
anagusisha taa ya kupimia, kichwa baada ya kichwa:
inawaka, inawaka, giza, inawaka.
Ya tatu. Haongezi neno; pumzi yake imeganda ndevuni.

Nitanunua mpya Ijumaa, mshahara wa kiwandani ukiingia.
Leo silinda tatu zitambeba mwenzao
hadi joto lao lipenye ukuta, limfikie,
naye aanze kuunguza riziki yake.

Najaribu tena. Moshi unapungua weupe.
Friesen anapiga boneti mara mbili kwa kiganja,
anarudi ndani bila kufunga mlango wa uzio.