Matobolwa ya Nyuma ya Pazia

Agizo lilikuja kwa simu, mkwe wa Mzee Lushinge wa Bwiru:
vipande arobaini, na kisiwepo hata kimoja kilicho chenyewe.
"Nataka biskuti zinazodanganya," akasema,
"mgeni adhani ni aiskrimu, akinge na mkono wa pili."

Basi nikakanda. Siagi, sukari, unga uliochekechwa mara mbili,
sufuria yenye mchanga juu ya jiko, bati juu, makaa juu ya bati.
Huku Mabatini nyumba zimeng'ang'ania majabali kama kupe;
hata jiko langu limekaa upande,
biskuti za kushoto huiva kabla ya za kulia.

Ute wa yai, sukari ya unga, matone ya limau,
mfuko wa maziwa niliouosha nikautoboa kona kwa sindano.
Nikaanza na kashata, maana kashata haina siri:
nyeupe, waridi, mikwaruzo ya nazi kwa kijiti cha meno.
Halua ikanisumbua. Ule mng'ao wake,
kama kisigino cha bi harusi kilichopakwa mafuta.
Kaimati ni suala la kivuli;
kivuli kikikaa mahali pake, bapa linakuwa duara
na shira inateleza bila kuwepo.
Aiskrimu nikaipa chozi moja,
likachuruzika nusu, likaganda:
saa nane mchana, Mwanza hii hii,
aiskrimu isiyo na haraka.

Jioni umeme ukakatika, na vidudu vikatoka ziwani,
moshi usio na moto, ukaja kutoka upande wa Saanane,
ukaingia dirishani bila hodi
ukatua juu ya vipande sita ambavyo havijakauka.
Nikakaa nikivitoa kwa sindano, kimoja kimoja.
Nakiri, nilifikiria kuviita ufuta.
Chemli ilikuwa inanitazama.

Ikabaki moja, ya arobaini na moja, isiyo na mwenyewe.
Nyuma ya pazia bibi yangu Nkwimba
akakohoa kile kikohozi chake cha kuniita.
Meno yake ya mwisho yaliachwa Bugando mwaka juzi,
tangu hapo hajagusa matobolwa.
Kila anayetoka Magu humletea kifuko;
huwagawia watoto wa jirani,
kisha huwatazama wakitafuna, taya lake likiwafuata,
kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

Nikaichukua ile moja.
Matobolwa yana rangi gani?
Kahawia? Uongo. Manjano? Yaliwahi.
Ni rangi ya kiazi kilichochemshwa, kikakatwa, kikaanikwa jabalini
mpaka jua lenyewe likachoka nacho.
Nikachanganya kakao na manjano, nikafuta.
Nikaongeza chai ya rangi, nikafuta tena.
Kashata hujitangaza. Hiki kilitaka kunyamazishwa.
Mwisho nikachora makunyanzi,
na sikuhitaji kwenda mbali kuyatazama.

Nikampelekea kwenye kisahani, na kikombe cha chai ya maziwa.
Akaligeuza. Akalinusa. Akalisogeza kwenye mwanga.
"Limetoka wapi hili?"
"Magu," nikasema. Ulimi wangu nao ulikuwa na rangi.

Akalichovya, akahesabu kimoyomoyo,
kwa hesabu ya biskuti;
kiazi kikavu hakihesabiwi hivyo.
Akala bila kelele. Makombo akayafuata
kwa kidole alichokilowesha mdomoni,
moja baada ya jingine, hadi kisahani kikabaki na maua yake.

Kisha akajifunga khanga, akaegemea ukuta.
"Aliyeanika hili," akasema, "hana jua kwao.
Mwambie arudie.
Mwambie alete kesho, mapema, mawili au matatu,
nione kama ameanza kujua."