Futikamba

Wengine walikuwa na saa za kupimia mbio. Mimi
nilikuwa na futikamba ya mita hamsini,
ya kitambaa, imefifia kati ya thelathini na saba na arobaini,
pale mikuki ya wengi ilipopenda kuangukia.
Kwa hiyo nikisema nilimjua Mideva Asava
nina maana nilimjua kwa sentimita.

Mara ya kwanza, uwanja wa Nyayo, mvua ya Aprili,
alikuja kutoka Kangemi na kiatu cha kulia nambari saba,
cha kushoto nambari nane, kimejazwa gazeti.
Kocha alikuwa amemwandikisha mita mia nne.
Akaniuliza, "Na ile ya michezo yote, hujiandikisha wapi?"
Nikacheka. Nchi hii ukisema unakimbia
swali ni moja: umbali gani?
Hakuna anayeuliza: na nini kingine?

Saba. Viunzi, kuruka juu, tufe, mia mbili;
usiku mmoja wa kulala na barafu gotini;
kuruka mbali, mkuki, na mia nane
ambayo kila mtu hudhani tunazaliwa nayo.
Mideva hakuzaliwa nayo. Alizaliwa na mabega.
Miaka mitatu mfululizo aliburura mkia katika mia nane,
na jukwaani mzee mmoja akauliza, "Huyu ni Mkenya kweli?"

Magereza wakamwajiri. Zamu ya usiku, Lang'ata,
funguo kiunoni; asubuhi tufe shingoni,
kilo nne, baridi kama kufuli.
Wenzake wa marathoni walirudi ng'ambo na nyumba za kupangisha.
Yeye alirudi na nyonga iliyolia kwenye ngazi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Kasarani, majaribio, siku ya pili, saa nne u nusu.
Amekwisha kosea mara mbili. Mruko wa tatu.
Nimechutama kando ya ubao,
pua karibu na ule udongo laini wa kijani
unaotunza siri za vidole.
Akapaa. Nasema akapaa, mimi nisiyependa maneno makubwa.
Mchanga ukafunguka mahali ambapo hakuna aliyeuamsha mwaka ule.
Kisha nikatazama udongo.
Alama. Si alama, mkwaruzo. Upana wa ukucha.
Hakuna aliyeuona ila mimi na Mungu,
na Mungu hakupewa bendera.

Nikainua nyekundu.

Hakubisha. Alitoka shimoni akijipangusa,
akaenda kwenye mkuki, akautupa kama mtu anayelipa deni la mwingine,
kisha akakimbia mia nane isiyomfaa kitu tena
na kumaliza wa nne. Wa nne!
Yule mzee wa jukwaani alikuwa amekwenda kununua njugu.

Miaka kumi na mmoja. Jana nilipita Nyayo,
nikamkuta akisawazisha mchanga kwa reki,
wasichana sita kwenye foleni, mmoja amefunga kiatu kwa kamba ya katani.
Akaniona. Hakunisalimu.
"Ilikuwa kiasi gani?"
Sikujifanya sijui.
"Ukucha."
Akatazama mkono wangu, kisha mguu wake.
"Wangu au wako?"

Futikamba ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.
Akamwita msichana wa kwanza,
nami, bila kuombwa, magoti yakilalamika,
nikachutama kando ya ubao.