Mashimo Manne Mezani

Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kigoda hiki,
mwisho wa foleni ya chakula, Shule ya Arroyo Seco,
huku Pueblo, ambako moshi wa kiwanda cha chuma
huingia darasani bila kubisha hodi.
Mtoto akifika, anabonyeza tarakimu zake nne,
nami nasoma kilichobaki.
Sikuwajua kwa majina. Niliwajua kwa salio.
Yule, kasoro mbili na senti kumi.
Yule, kasoro kumi na nne.
Yule sawa, pita, baba.

Deni likivuka dola ishirini, kanuni haikuuma maneno:
trei inarudi, chakula kinamwagwa pipani
(kilishaguswa, hakiuziki),
mtoto anapewa mkate baridi wa jibini
kwenye mfuko wa karatasi.
Nimeyafanya hayo kwa mikono hii.
Msinitafutie udhuru.

Rubén Trujillo alikuwa darasa la nne.
Siku ile ilikuwa kuku wa pilipili kijani,
ile pilipili yetu ya Septemba, iliyochomwa ikababuka.
Nilipoivuta trei hakulia.
Aliiachia kidole baada ya kidole,
kama mtu anayemkabidhi mwenziwe mtoto mchanga aliyelala.
Husemwa aliyeshiba hamjui mwenye njaa.
Sawa. Lakini mwenye njaa anamjua sana aliyeshiba:
anamjua kwa jinsi anavyosema "pole, mwanangu"
huku mkono wake ukivuta.

Kisha ikaja kura ya Novemba, na theluji ya kwanza,
na swali refu kama hati ya mahakama:
wanaoingiza zaidi ya laki tatu kwa mwaka
waongezewe kodi kidogo,
ili kila mtoto ale, asiulizwe wa nani.

Mkutanoni alisimama daktari wa meno, Bwana Halvorsen,
ambaye aliwahi kuning'oa gego nisisikie kitu.
"Nilisoma kwa mkopo miaka kumi na miwili," alisema.
"Nilichonacho sikukiokota."
Kweli, hakukiokota.
"Na wanangu je, nao watakula bure?
Nilipe kodi ili nijilishe mwenyewe?"
Watu wakacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu,
maana hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu:
kwake, kwa mwaka mzima, ni bei ya magurudumu mawili
ya lile gari lake la kupandia milima.
Nilitaka kusimama niseme: ndiyo, Daktari, na wako pia,
maana foleni ikiwa ya maskini peke yao
hata sahani iliyooshwa hunuka aibu.
Sikusimama. Magoti.
Tena gego langu la pili bado linamhitaji.

Kura ikapita, si kwa kishindo.
Agosti akaja fundi na bisibisi, akaing'oa mashine.
Pakabaki mashimo manne mezani
na mraba safi ambao mkono wa mtu haujawahi kuugusa.
Sasa sina cha kubonyeza. Nagawa matufaha.
Macho nayo, kwa kukosa kazi, yameanza kutazama nyuso.
Kumbe kasoro kumi na nne ana mwanya!
Kumbe binti wa Halvorsen hapendi maharage,
humsukumia Yesenia kimyakimya,
naye Yesenia hula sahani mbili bila kumshukuru mtu.

Ijumaa iliyopita akaingia mwanamume,
buti zimeganda lami ya mapaa,
akavua kofia.
"Bibi Archuleta, nina deni lako la zamani."
Dola ishirini na tatu na senti tano,
amezikunja ndani ya risiti ya misumari.
Mkono wangu ukaitafuta mashine, kwa mazoea.
Vidole vikaangukia mashimoni.
"Hapana pa kuyaandika, Rubén."
Akasimama. Nikakaa. Foleni ikajaa nyuma yake,
mpaka sauti ndogo ikasema:
"Mjomba, chukua trei, unatuchelewesha."

Zile dola bado zimo mfukoni mwa aproni yangu.
Nimeifua mara mbili.
Kila mara nazitoa, nazihesabu,
nazirudisha.