Mtenda Anaweza Kuachwa

Juu ya duka la dawa, Narayanganj, chumba kimoja,
benchi tisa, feni inayozunguka umeme ukipenda.
Mwalimu Obaidul anafuta ubao kwa kiganja,
mkono unabaki mweupe kama wa mkanda unga.

Leo, anasema, tunageuza sentensi za Kiingereza.
Mtihani haujawahi kuliruka swali hili. Alama tano.
Mtendwa mtoe nyuma, mkalishe kiti cha mbele.
Kitenzi kivue, kivishe umbo la tatu,
kitafutie "kuwa" ya kuegemea.
Mtenda mpeleke mkiani
umfunge kwa kineno cha herufi mbili, bii na wai,
asije akatoroka.

Paka alikunywa maziwa.
Maziwa yalinywewa na paka.
Wanaitikia wote, hata Shafayet anayesinzia.

Kisha kanuni ndogo, ile ya chini ya ukurasa:
mtenda akiwa hajulikani,
au hana umuhimu,
au kila mtu anamjua,
mwache.
Nukta inatosha.

Lutfa anainua kichwa.
Ametoka ukumbi wa cherehani moja kwa moja,
uzi wa bluu umemnata begani.
"Hizo ni sababu tatu, mwalimu.
Mbona zote zinaishia shimo moja?"
Mwalimu anacheka kidogo, anatazama saa.

Zoezi la nyumbani amelikata gazetini,
gazeti la mwaka juzi, limeshakuwa rangi ya chai:
Mlango wa ngazi ulifungwa.
Kengele ilizimwa.
Wafanyakazi waliambiwa warudi kwenye mashine.
Makosa yalifanywa.
Rudisheni zote katika kauli ya kutenda.
Penye pengo, andikeni "mtu fulani".

Madaftari yanarudi. Mtu fulani alifunga mlango.
Mtu fulani alizima kengele. Daftari baada ya daftari
mtu fulani anapita, hana uso, hana cheo,
hana funguo kiunoni,
na mwalimu anampa vema, vema, vema,
mpaka daftari la thelathini na nane:

Bwana Kibria wa ghorofa ya nne alifunga mlango.
Bwana Kibria alizima kengele, nilimwona.
Bwana Kibria alituambia turudi kwenye mashine.
Makosa: bado naulizia.

Sarufi safi. Nyakati zimekaa, hakuna kilicholegea.
Na chini, sentensi ambayo hakuna aliyeiagiza:
Dada yangu Moyna alikufa.
Pembeni, kwa penseli: hii nimejaribu. Haigeuki.

Haigeuki kweli. Mwalimu anaijua sababu,
ameifundisha miaka kumi na minane:
kitenzi hiki hakina mtendwa,
hakuna wa kumleta mbele.
Kalamu nyekundu inasimama hewani.

Mimi ninayeyaandika haya kwa lugha nyingine
natamani nimnong'oneze Lutfa: kwetu inageuka.
Kufa huingiwa na herufi mbili tu katikati,
na aliyebaki hukaa kiti cha mbele: amefiwa.
Lakini amefiwa na nani? Na Moyna.
Baada ya "na" anakuja marehemu mwenyewe,
kana kwamba ndiye aliyetenda,
na Bwana Kibria hata kwetu hayumo.
Basi nameza neno langu.

Mtahini wa bodi atataka "mtu fulani".
Mwalimu anajua. Atalazimika kumwambia.
Umeme unakatika, anawasha simu, anaiegemeza kwenye kikombe.
Kila daftari hulimaliza kwa neno moja la kutendwa,
Imesahihishwa,
nukta, basi, hajawahi kutia jina.
Usiku huu nukta inachelewa.
Anaandika bii, anaandika wai,
halafu, taratibu, kama mwanafunzi,
jina lake lote.